Nguo za Kupandia Masisi

Kuna harufu moja ambayo watu wengi hawaipendi, nami nikiinusa nasimama pale pale nilipo. Ni harufu ya sufu iliyolowa. Si nzuri, nakubali. Inanuka mbwa kidogo, inanuka moshi, na chini yake kuna kitu kinachokaribia maziwa yaliyochacha. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule amelowa chapachapa, akatupa sweta lake kwenye kiti karibu na makaa, na kabla mvuke haujaanza kupanda vizuri mimi nilikuwa nimeshaondoka jikoni kwangu. Nilikuwa Walikale, nina miaka minane, nimesimama kando ya kijito asubuhi, namwangalia mdogo wangu Deo akilia ndani ya maji huku amevaa sweta mpaka shingoni. Mtaniuliza mtoto aliwekwa majini na sweta kwa sababu gani. Ngojeni niwaeleze polepole, maana mama yangu hakuwa na wazimu, ingawa siku ile majirani waliingiwa na mashaka.

Papa alikuwa mtu wa milimani. Alizaliwa kwenye kilima kimoja upande wa Kibabi, katika Masisi, kwa watu wanaolima maharage na viazi na kununua maziwa kwa majirani wafugaji. Alipomaliza kufundishwa uuguzi alipewa kazi Walikale, kule chini kwenye joto na miti mikubwa, na huko akamwoa mama. Mama alikuwa mtu wa Walikale tangu mababu zake. Alijua mto, alijua msitu, alijua kupika sombe, majani ya muhogo, mpaka mgeni anasahau alikuwa anakwenda wapi. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ni baridi. Hakuwahi kukutana nayo. Kwetu, usiku ambao mtu anavuta kikwembe mpaka kiunoni ndio tuliouita usiku wa baridi, na asubuhi yake watu wazima waliuzungumzia kwa mshangao.

Mama yake Papa, ambaye sisi watoto tulimwita Koko, hakuwa amewahi kumwona mama. Hata kwenye ndoa hakushuka. Alisema miguu inamwuma. Papa alipenda kututania kwamba miguu ile ilianza kuuma siku Koko alipoambiwa bibi-arusi anatoka msituni.

Kisha ikaja barua. Koko hakujua kuandika, kwa hiyo alimsemea katekista naye akaandika neno kwa neno. Papa alitusomea tukiwa tumekaa kwenye mkeka baada ya kula. "Mwana yangu," barua ilisema, "miaka imekuwa mingi. Mulete batoto kwa Noeli nibaone. Nasikia huko chini batoto banatembeaka uchi. Nitabaangalia na macho yangu. Kama bako bazuri, mutarudia nabo. Kama hapana, ule mukubwa atabakia kwangu, njo miye nitamulea."

Mkubwa ndiye mimi, Agata.

Msimfikirie Koko vibaya. Siku zile bibi kuchukua mtoto wa kwanza wa mwanawe lilikuwa jambo la kawaida kabisa, tena la heshima, na hakuna aliyeomba ruhusa. Watoto wawili wa shangazi yangu mkubwa walilelewa kwenye jiko lile lile la Koko na walinenepa vizuri. Papa hakuwa na ulimi wa kumwambia mama yake hapana, na mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Papa alipomaliza kusoma alicheka, akasema, "Mama anapendaka kusema tu." Mama hakucheka. Aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya blauzi. Usiku ule nililala nimemshika mguu.

Kesho yake alikwenda misheni. Kulikuwa na masera mmoja, yaani mtawa, aliyewafundisha wanawake kushona kila Alhamisi, na mama alimwomba amfundishe kufuma. Masera alimpa sweta mbili kuukuu za Wazungu, moja ya kijani na moja ya rangi ya majivu, pamoja na soksi ndefu nyekundu za mtu fulani aliyekuwa na miguu mirefu mno. Tulizifumua zote. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele, mama akizungusha uzi juu yake mpaka mabega yananiuma. Papa alinoa spoku mbili za baiskeli zikawa sindano za kufumia. Mwaka mzima, kila jioni kabla giza halijaingia, nilisikia zile spoku zikigongana barazani.

Shida ilikuwa moja. Mama alikuwa anafuma nguo za kupigana na adui asiyemjua. Alimuuliza Papa siku moja mimi nikiwa hapo.

"Papa Agata, ile baridi iko namna gani?"

"Inaumaka."

"Inaumaka wapi?"

"Kwa masikio. Kwa miguu. Popote."

"Inauma sawa siafu?"

Papa aliacha kunywa maji, akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana," akasema. "Ni sawa maji ya kijito asubuhi sana. Lakini ile haina fasi ya kutokea."

Sasa mmeelewa. Sweta la kwanza lilipokwisha, la Deo, mama alitaka kujua kama linafaa, na baridi pekee aliyoifahamu ilikuwa ile ya kijito kabla jua halijatoka. Akamvika Deo, akamshika mkono, akamtia majini. Deo alikuwa na miaka mitano na alidhani ni mchezo, mpaka maji yalipofika kitovuni. "Unasikia joto?" mama aliuliza kutoka ukingoni. "Baba, unasikia joto kidogo?" Deo alilia kwa sauti iliyowatoa watu nyumbani kwao. Alipotolewa, sweta lilikuwa limekunywa maji yote ya kijito na limerefuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, akawa anatembea kama katekista mdogo mwenye kanzu. Tulilianika siku tatu. Ndipo nilipoijua ile harufu.

Masera alipoambiwa alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaeleza kwamba sufu inazuia baridi ya hewa, si ya maji. Mama naye alicheka. Lakini jioni alikaa barazani akalifumua sweta lote la Deo, mstari kwa mstari, akaanza upya, na nilipomwangalia vizuri midomo yake ilikuwa inahesabu, na kila mara alirudi kuanza mwanzo. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akiogopa. Nilidhani anaogopa kukosea hesabu.

Noeli ilipokaribia Papa alipata likizo, na akapata nafasi kwenye kamio, lori lililokuwa linapandisha mafuta ya mawese Masisi. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye huruma, lakini mapipa ya mafuta yalikuwa mengi. Alisema tutakaa juu ya mapipa, na mzigo uwe sanduku moja, basi. Sanduku letu lilikuwa la bati, jeusi, lenye bawaba moja nzima na nyingine ya kamba.

Mama alipanga sanduku lile kwa siku tatu. Alitandika vitu vyote kwenye mkeka ndani ya nyumba, akazunguka, akakuna kichwa, akavihamisha. Kuku akipita juu ya shati la Papa, shati linafuliwa tena. Bulangeti lilikaa chini kabisa. Halafu nguo za kanisani, za kwangu na za Deo, zikiwa zimepigwa pasi ya makaa na kukunjwa ndani ya kikwembe kipya ili mikunjo isiharibike. Halafu nepi za Tereza, mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakuwa ametimiza mwaka na aliharibu hesabu zote. Halafu zawadi za Koko, yaani chupa kubwa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi na kufungwa kwa majani, na samaki wakavu, fungu kubwa kiasi cha mto wa kulalia. Baada ya hapo kifuniko kilikataa. Papa alikalia, mimi nikakalia, Deo akakalia. Kilikataa.

"Acha samaki," Papa akasema.

"Nifike kwa mama yako na mikono bule?" mama akamjibu. "Aseme hata samaki ya Walikale nilikosa?"

"Basi utaacha nini?"

Mama alitazama mkeka, akatutazama sisi, na nikaona jibu linakuja. Alitoa sweta zote, zile ambazo sisi tuliziita tiriko, akazirundika pembeni. Kifuniko kikafunga bila ubishi. "Hizi," akasema, "batazivala."

Ndivyo tulivyotoka Walikale siku ya jua kali, watu wengine wako vifua wazi, sisi tumevaa sufu. La kwangu lilikuwa kijani lenye mikono ya majivu. La Deo lilikuwa majivu matupu. La Tereza, jekundu lenye kofia ya kufunika masikio, lilikuwa dogo kiasi cha kuingia ndani ya kitambaa cha kichwa cha mama, kwa hiyo yeye alisalimika. La mama mwenyewe lilifumwa mwisho kabisa kwa mabaki, na rangi zake zilikuwa zimekataa kupatana. Alilifunga kiunoni kwa mikono ya sweta lenyewe. Papa alikuwa na koti lake la kazi. Alijaribu kusema kwamba baridi ingeanza baada ya kupanda sana, labda alasiri, tuwavue watoto kwanza. Mama akamuuliza ni kwenye kona ipi hasa. Papa hakujua kona. Basi, mama akasema, watoto wawe tayari.

Sijui kama mmewahi kuvaa sufu juani, juu ya pipa la mawese lenye moto. Ilinichoma shingoni, kwapani, tumboni. Jasho lilishuka mgongoni likaingia kwenye kila tundu la ule ufumaji, na ufumaji ukanikuna zaidi. Deo alilala usingizi uliofanana na kuzimia. Mimi nilikaa wima na kuhesabu miti.

Mchana kamio lilisimama kwenye kijiji kimoja chini ya mlima, dereva atie maji kwenye injini. Niliruka chini kunyoosha miguu. Wasichana watatu wa umri wangu walikuwa wanapita na mitungi, wamevaa magauni mepesi, wakasimama kunitazama. Mmoja akaweka mtungi chini ili anicheke vizuri.

"Muone kondoo ya Walikale!" akasema. Kisha akalia kama kondoo, "Meee," na wale wengine wakamfuata, "Meee, meee," wakinizunguka.

Nilijua maana ya tiriko lile. Nilikuwa nimeisikia barua kwa masikio yangu, na nilijua kwamba Koko ataniangalia, na asiporidhika nitabaki huko juu, na mama atashuka bila mimi. Nilikuwa nalijua hilo na lilinitia hofu. Lakini hofu ile ilikuwa ya kesho, na kicheko kilikuwa cha sasa hivi. Nilikimbia nyuma ya nyumba ya kwanza kana kwamba nakwenda haja, nikavua lile tiriko, na hewa ikanigusa tumbo nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Kulikuwa na ua wa matete, kwetu tunasema lupango. Nikalitundika juu yake. Hapo nyuma nimewahi kuwaambia watu kwamba nililisahau. Niwaambie ninyi ukweli: sikulisahau. Nililiacha. Dereva alipiga honi, nikarudi mbio, nikapanda.

Tulipokuwa tumeshaondoka mama akauliza, "Agata, tiriko yako iko wapi?"

"Upepo umeichukua."

Hapakuwa na upepo. Majani ya migomba yalikuwa yamesimama wima. Mama alinitazama usoni, akageuka akatazama barabara tuliyotoka, ambako vumbi lilikuwa bado halijatulia. Papa aliinuka, akakunja ngumi agonge paa la dereva asimamishe. Mama akamshika mkono.

"Acha," akasema. "Itatukawisha."

Nilishukuru moyoni. Nilijiona mjanja sana.

Baridi ilianza kwenye kona ambayo ningeweza kuionyesha mpaka leo kama ile barabara ingebaki ilivyokuwa. Kwanza jasho lilikauka, nikafurahi. Kisha miti mikubwa ikaisha, vilima vikawa majani matupu na ng'ombe wadogo wadogo mbali, na hewa ikaanza kuingia ndani ya gauni langu bila kubisha hodi. Tuliposhushwa kwenye njia ya kwenda kwa Koko alasiri, ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba. Papa alijitwisha sanduku. Ilikuwa safari ya saa moja ya kupanda, na tulipofika katikati mbingu zikafunguka, lakini hazikumwaga maji. Zilimwaga mawe madogo meupe, yakadunda juu ya bati la sanduku kwa kelele, yakaruka kwenye nyasi. Deo alisimama mdomo wazi.

"Chumvi!" akapiga kelele. "Mama, kunanyesha chumvi!"

Akaanza kuijaza mifukoni. Chumvi kwetu ilikuwa kitu cha kuheshimiwa, na alitaka kuwapelekea marafiki zake. Papa alicheka mpaka sanduku likamyumba kichwani. Mimi nilitaka kucheka pia, nikagundua kwamba siwezi. Meno yangu yalikuwa yanagongana yenyewe, na nilipojaribu kuyazuia, magoti yakaanza. Nilidhani nakufa. Nilisema, "Mama, samahani," bila kueleza samahani ya nini.

Mawe yalipokwisha tulisimama chini ya migomba. Papa akashusha sanduku, mama akalikalia, akavua tiriko lake la rangi rangi, lile la kiunoni ambalo alikuwa amelivaa tangu tuliposhuka barabarani, akanivika mimi. Lilinifika magotini na mikono ilining'inia. Alichomoa sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa, akakata uzi kwa meno, akaanza kukunja mikono ya lile tiriko kwa ndani na kuipiga bandi, mshono wa kushikiza tu, haraka haraka, kisha upindo wa chini. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi. Alinichoma mara mbili na kuomba radhi mara mbili. Alipomaliza, tiriko lilionekana kama lilishonwa kwa ajili yangu.

Papa alikuwa ameshavua koti lake anampa.

"Vala koti yako," mama akasema.

"Mama Agata, unatetemeka."

"Mama yako akikuona bila koti, atasema nakuangaliaka namna gani? Vala. Miye Tereza iko ananipasha mugongo."

Koko alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Kutokana na ile barua nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu mkubwa. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo asiyoihitaji, akatusalimia mmoja mmoja kwa mpangilio, Papa, kisha mama, kisha sisi, akatuingiza ndani kwenye moto. Hakupoteza muda. Alimshika Tereza kwanza, akafungua ile kofia nyekundu, akapapasa masikio, akaifunga tena. Alimshika Deo, akamfinya tumbo, akatia mkono mfukoni akatoa mkono umelowa, na Deo akalia kwa uchungu kwamba chumvi yake imeibiwa. Halafu akaniita mimi.

Alinipapasa masikio. Alinishika miguu. Aliingiza mkono wake ndani ya shingo ya tiriko mpaka katikati ya mgongo, ukakaa hapo, mkono mgumu wa mtu wa jembe. Nilikuwa na joto. Nilianza kupumua. Ndipo alipouchukua mkono wa tiriko, akaupindua, na kidole chake gumba kikakutana na zile bandi. Uzi ulikuwa mweupe. Aliufuata taratibu mzunguko mzima, kisha akashika upindo wa chini, akaufuata nao. Kisha akainua macho akamtazama mama, ambaye alikuwa bado amesimama karibu na mlango, mbali na moto, mikono ameificha chini ya kikwembe cha mtoto.

"Na weye," Koko akasema, "tiriko yako iko wapi?"

"Miye sisikiaki baridi, Mama," mama akajibu, na sote tulisikia meno yake.

Papa aliangalia chini. Koko alisukuma kuni motoni. Alituambia mimi na Deo twende tukaone ndama wa jirani kabla hawajafungiwa. Tulikwenda, tukawaona, mmoja alinilamba mkono. Tuliporudi, mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Koko, kile cha chini ambacho baadaye niliambiwa hakuna mtu mwingine aliyekikalia, amefunikwa bulangeti la Koko mpaka puani, ana kikombe cha maziwa ya moto mikononi. Koko mwenyewe alikuwa ameinama mbele ya moto, ameshika kikwembe cha mama kilicholowa kwa mikono miwili, anakigeuza huku na huku kikauke.

Tulikaa siku kumi. Mama alikohoa wiki nzima, na Koko alimchemshia majani machungu asubuhi na jioni, akisimama mbele yake mpaka kikombe kiishe. Walichambua maharage mabichi pamoja mlangoni. Siku ya nne nilimkuta Koko ameshika zile spoku za baiskeli, ulimi uko nje kwa juhudi, mama akimwelekeza vidole.

Lakini mimi sikutulia. Hakuna aliyekuwa ametaja tena ile barua, na nilikuwa na hakika kwamba siku ya mwisho Koko atanidai. Nikapanga mpango wangu. Nikiwa mtoto asiyefaa kitu, nilifikiri, nani atataka kubaki na mimi? Nikaanza kumwaga maharage. Nilifagia vibaya. Niliacha maziwa yafurike motoni nikiwa nimesimama nayatazama. Niliitwa mara tatu kabla ya kuitikia. Koko alinitazama tu na kutikisa kichwa, na kila alipotikisa nilihesabu ushindi.

Siku ya kuondoka, sanduku lilifunguliwa tena katikati ya nyumba. Samaki na mawese hayakuwemo, kwa hiyo palikuwa na nafasi tele, na Koko aliipenda sana nafasi ile. Alijaza maharage, alijaza viazi, akaweka bulangeti lake juu. Yeye na mama walikunja nguo zetu wakipokezana. Nilisimama na mgongo ukutani. Koko akashika gauni langu la kanisani, akalitazama muda mrefu, halafu akaliweka ndani ya sanduku pamoja na mengine.

"Mukubwa anaenda na mama yake," akamwambia Papa. "Miye nilitaka kujua kama kuko muntu wa kumuangalia. Kuko."

Nilifurahi mpaka nikashikwa na kwikwi. Na kwa miaka mingi, msinicheke, niliamini kwamba nilijiokoa mwenyewe kwa kumwaga maharage. Nilipokuwa msichana mkubwa ndipo nilipowaza tena juu ya zile bandi nyeupe na lile bulangeti, nikaelewa Koko alikuwa ameamua tangu jioni ya kwanza, na kwamba aliyekuwa akikaguliwa hakuwa mimi bali mama. Nikadhani sasa nimejua yote.

Sikujua. Nilikuja kujua nikiwa na watoto wanne wangu mwenyewe. Nilikuwa napanga nguo zao kitandani, tunapanda kwenda kwa ndugu wa Papa, na binti yangu mkubwa amegoma kuvaa sweta. Nilimfokea. Mama, ambaye alikuwa amenitembelea, alikuwa amekaa pembeni anakunja mashati madogo. Akasema kwa upole, bila kuinua kichwa, "Muache. Weye yako uliitundika kwa lupango."

Nikasimama na soksi mkononi. "Ulijua?"

"Nilikuwa juu ya kamio. Nilikuona. Uliinyoosha mikono vizuri juu ya matete."

"Kwa nini haukuniita, Mama?"

"Nilifungua kinywa nikuite. Njo nikasikia bale babinti, meee, meee." Akalaza shati moja juu ya jingine. "Mwaka muzima nilifuma ili Koko asikukamate. Sasa nikurudishe kwa ile lupango, uivale mbele yabo, balie tena sawa kondoo? Nikaona hapana. Nikasema, yangu iko."

"Na kama Koko angenikamata?"

"Ningebakia." Alisema hivyo kwa urahisi kabisa, akitafuta kifungo kilichopotea kwenye shati. "Nilishaamua palepale juu ya kamio. Ningebakia na weye kule kwa kilima, nijifunze ile baridi. Papa yako angeshuka yeye na kazi yake."

Ndipo nilipokaa kitandani juu ya kila kitu nilichokuwa nimekipanga, nikalia mbele ya watoto wangu bila haya. Mama aliniacha kidogo. Kisha akanigusa bega, akaniambia niinuke, nguo za watoto zinalowa.